Bahati na Wajibu

Yako maswali ambayo mwanzo wake ni katika vyumba vya wenye elimu, walakini mwisho wake ni barazani na njiani, vinywani mwa watu wasiopata kuviona vyumba vile. Swali tutakalolitazama mwezi huu ni mojawapo. Vijana waliosoma fizikia shuleni huwauliza walimu wa vijiji wakisema: "Ikiwa chini ya vitu vyote mna bahati tupu, kama wataalamu wasemavyo, mtu alaumiweje kwa tendo lake? Na asemaye neno kwa hakika, hakika yake aipata wapi?" Mwalimu asiyejua habari hii huona haya akanyamaza, au hukasirika akamkemea kijana. Yote mawili hayafai. Kunyamaza kwamfanya kijana adhani kwamba swali lake halina jibu. Na kukemea kwamwonyesha kwamba hatupendi kuulizwa. Basi na tulifungue swali hili polepole, kama mtu afunguavyo fundo, asiikate kamba.

Kwanza yatupasa kujua wataalamu wasema nini hasa, maana mara nyingi twabishana na maneno ambayo hapana mtu aliyeyasema.

Tarehe 14 Desemba 1900, katika mji wa Berlin, mtaalamu aitwaye Max Planck aliwaeleza wenzake hesabu mpya juu ya mwanga utokao katika vitu vyenye moto. Katika hesabu ile nguvu haikutoka kama maji yanayomiminika, ila kwa mafungu mafungu. Mfano wake ni kama fedha: mtu aweza kulipa senti moja au mbili, wala hawezi kulipa robo ya senti, kwa kuwa sarafu hiyo haikupigwa. Fungu hilo dogo liliitwa kwanta. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwamba nuru yenyewe huja kwa mafungu ya namna hiyo. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger, wakaweka hesabu kamili za mwenendo wa chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu. Ndipo Max Born, katika mwaka huo wa 1926, akasema neno lililowashtua wengi: ya kwamba hesabu hizi hazisemi chembe itafanya nini, bali zasema uwezekano wa kufanya hili au lile. Mwaka wa pili yake Heisenberg akaonyesha kwamba mahali pa chembe na mwendo wake haviwezi kupimwa vyote viwili kwa ukamilifu pamoja. Kadiri hiki kinavyojulikana vizuri, ndivyo kile kinavyozidi kutojulikana.

Mtu asiseme, "Hizo ni ndoto za watu wasio na kazi." Matunda yake yamo mikononi mwetu. Transista, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1947, imetoka katika elimu hii, na bila transista hapana redio ndogo wala simu. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na leo madaktari wa macho huitumia. Sola iliyo juu ya paa, na taa ndogo nyeupe iwakayo chini yake usiku, zote mbili hufanya kazi kwa kanuni hizo. Hata sekunde yenyewe, tangu mwaka 1967, yahesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mwanga wa atomu ya sesiamu. Atakaye kuidharau elimu ya kwanta na aizime simu yake kwanza, kisha aanze kunena.

Basi tutwae kitu kimoja, tukitazame vizuri. Kuna kobalti ya namna fulani, iitwayo kobalti 60, inayotumika kuwatibu wagonjwa wa saratani. Katika Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road imewatibu watu wengi kwa mashine za kobalti. Atomu yake huvunjika ikageuka kuwa nikeli, na katika kugeuka hutoa mionzi yenye nguvu ipenyayo mwilini na kuua chembe za ugonjwa. Sasa tuulize: atomu hii itavunjika lini? Hapana ajuaye. Mtu aliye chini ya mwembe aweza kukisia ni embe lipi litakaloanguka kwanza, kwa kuwa lililoiva lina rangi yake na harufu yake. Atomu ya kobalti haina kuiva. Iliyokaa miaka 20 ni sawasawa na iliyotengenezwa jana. Haikuchoka wala haikuzeeka. Moja itavunjika kabla hujamaliza kusoma mstari huu, na jirani yake itakaa miaka 50. Wala ukizipima zote mbili kwa vyombo vyote vya duniani huoni alama ya kukuambia ni ipi.

Walakini tazameni ajabu hii. Katika gramu moja ya kobalti hiyo mna atomu nyingi mno. Hesabu yake ni tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 22. Na katika wingi huo, ikipita miaka 5 na miezi 3 hivi, nusu imekwisha kuvunjika. Ukipita muda mwingine kama huo, nusu ya ile iliyobaki. Haikawii wala haitangulii. Kila mwezi nguvu ya mashine yapungua yapata 1 kwa 100, na mtaalamu hufanya hesabu akaongeza muda wa kumwangaza mgonjwa, ili apate kipimo kilekile alichoandikiwa. Ni kama mtu arushaye sarafu: akirusha mara 10 aweza kupata vichwa 7; akirusha mara 1,000,000 atapata karibu sana na 500,000. Basi kila atomu peke yake haina saa ijulikanayo, lakini zote pamoja zina desturi isiyovunjwa, na maisha ya mgonjwa hutegemezwa juu ya desturi hiyo.

Hapo kijana mwerevu atasema: "Labda kila atomu inayo saa yake iliyofichwa, ila sisi hatuioni." Neno hili si la kijinga, Einstein mwenyewe alifikiri vivyo hivyo. Mwezi wa Desemba 1926 alimwandikia Born kwamba elimu ile mpya yaleta mengi, walakini yeye hasadiki kwamba Mwenye kuuumba ulimwengu hucheza dadu. Tena mwaka 1935, pamoja na wenzake wawili, akaandika kwamba elimu ya kwanta haijatimia, kwa kuwa yaacha mambo yaliyopo bila kuyaeleza.

Shauri hilo lilikaa miaka mingi kama kesi isiyo na shahidi. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, akaona njia ya kumwita shahidi. Tuseme chembe mbili zimezaliwa pamoja, zikatengana, kila moja ikaenda kuulizwa mahali pake. Kama kila moja yachukua majibu yake tangu mwanzo, kama barua mfukoni, wala moja haipati neno kutoka kwa mwenzake, basi kupatana kwa majibu yao kuna mpaka usioweza kupitwa. Bell aliuonyesha mpaka huo kwa hesabu. Ndipo wakaja wapimaji: John Clauser na Stuart Freedman katika Marekani mwaka 1972, Alain Aspect na wenzake katika Ufaransa mwaka 1982, Anton Zeilinger katika Austria, na wengine waliozidi kuziba mianya mwaka 2015. Majibu ya chembe yaliupita mpaka. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Haimaanishi kwamba mabishano yamekwisha yote. Wako wanaoshika bado kwamba mambo yana mpango uliofichwa. Lakini hao hawana budi kukubali kwamba vitu vilivyo mbali sana vina mwungano wa ajabu, ambao Einstein hakuupenda. Barua ya mfukoni, ile rahisi, imekwisha kukataliwa.

Hayo ndiyo yasemwayo. Sasa tuyatazame mambo matatu ambayo watu huyatoa humo, na yote matatu hayatoki humo.

La kwanza ni hili la vijana wetu: "Chini mna bahati, basi hapana wa kulaumiwa." Jibu lake tumekwisha kuliona katika kobalti. Bahati ya atomu moja haiendi juu mpaka kwenye matendo ya mtu kama moshi upandavyo. Vitu vikiwa vingi hufuata desturi thabiti. Aliyeiba kuku usiku hakusukumwa na atomu. Aliamka, akafungua mlango, akatazama huku na huku kama yuko mtu, akanyosha mkono. Kule kutazama huku na huku kwatosha kumshuhudia.

La pili ni la watu wema wapendao kuutetea uhuru wa mtu. Hao hufurahi mno wakisema, "Sasa mlango umefunguka, bahati ya atomu ndiyo uhuru wetu." Wasifurahi upesi. Mtu ashikwaye na kifafa hurusha mkono bila kujua utaangukia wapi. Je, twauita huo mkono huru? Tendo la bahati si la mtu, kama vile tendo la kusukumwa lisivyo la mtu. Mtu huru ni yule awezaye kutoa sababu ya tendo lake, akasimama nalo mbele ya wenzake. Basi elimu ya kwanta haitunyang'anyi uhuru, wala haitupi. Atafutaye mzizi wa uhuru na autafute mahali pengine.

La tatu ni biashara. Wako watu wauzao vikuku, chupa za maji na vidonge, wakiyabandika neno "kwanta", na kuahidi kuponya sukari, saratani na utasa. Wagonjwa huuza mbuzi, huuza na shamba, wapate kununua. Walimu, mkiulizwa habari ya vitu hivi, jibuni bila woga. Mtaalamu wa kobalti ajua nusu huvunjika katika muda gani, tena ameiandika hesabu yake mahali ambapo mwingine aweza kuipima na kumkosoa. Muuza maji hana hesabu. Ana jina tu. Hajui, naye hutumia kutojua kwa wengine kama duka. Tena mwambieni mgonjwa kwamba ucheleweshaji una gharama, maana saratani haimngoji mtu amalize chupa.

Tumesema mambo ambayo bahati haituletei. Sasa swali lenyewe labaki: ikiwa katika mambo mengi hatujui hakika ila kwa kadiri, wajibu wetu ni upi? Kulijibu tutawasimulia jambo lililotukia katika Brazil, katika mji wa Goiânia, mwezi wa Septemba 1987.

Nyumba moja ya tiba ilikuwa imehamia mahali pengine, ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu 137, katika jengo lililobomolewa nusu. Watu wawili maskini wakaingia, wakaichukua mashine ile wapate kuuza chuma chake. Wakakivunja kile kifuko kilichofichwa ndani, wakamwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Usiku yule mnunuzi akaona mwanga wa buluu ukitoka humo, akastaajabu, akakipeleka nyumbani kwake. Jamaa na rafiki wakaja kuona. Wakagawiwa punje punje kama zawadi. Wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 akala chakula na unga ule ungali mikononi mwake. Baada ya siku chache watu wakaanza kutapika na kuungua ngozi. Watu 4 wakafa, na yule mtoto mmojawapo. Watu yapata 112,000 walikwenda kupimwa, na 249 wakaonekana kuwa wamepata unga ule mwilini, nje au ndani.

Nani mwenye hatia? Tukisema "bahati", tumesema uongo. Sesiamu ilishika desturi yake bila kosa; nusu yake huvunjika katika miaka 30, iwe hospitalini au jikoni. Hao maskini hawakujua. Hatia yao ni ya kuchukua kisicho chao, si ya kuua. Bali walioijua sesiamu ni nini, na kuiacha mahali pasipo mlinzi, wao walikuwa na maarifa. Hawakuweza kujua ya kwamba mtu ataingia siku fulani, akavunja, akagawa. Lakini walijua kwamba yaweza kuwa. Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu yote: wajibu haungoji hakika. Kadiri ya kujua kwa mtu ndiyo kadiri ya wajibu wake. Ajuaye kwamba hatari ni moja katika mia, anadaiwa uangalifu wa moja katika mia. Na kama hatari yenyewe ni kifo cha mtoto, deni hilo si dogo.

Tumtazame na mtu mwingine katika habari hii. Mke wa yule mnunuzi wa vyuma aliona ya kwamba watu wa nyumbani mwake wameanza kuugua baada ya kitu kile kuletwa. Hakusoma fizikia. Hapana aliyemwambia. Alikuwa na dalili tu. Walakini alikitwaa kitu kile, pamoja na mtu mmoja wa pale kazini, akapanda basi, akakipeleka kwa watu wa afya, akawaambia ya kwamba hicho ndicho kinachowaua watu wake. Kwa tendo hilo maafa yalijulikana, na wengi wakaokoka. Yeye mwenyewe alikufa mwezi uliofuata. Wenye elimu walijua mengi, wakaacha. Yeye alijua kidogo, akatenda. Na tuupime uaminifu kwa mizani hii.

Mtu atauliza: "Mwenye kutenda kwa dalili akikosea, je?" Hilo ni swali la haki, maana aweza kukosea. Lakini tofauti iko kati ya kukosea na kudanganya. Mkulima hutia punje tatu za mahindi katika shimo moja, kwa kuwa hajui ni ipi itakayoota. Mvua isiponyesha, hatumwiti mwongo. Aliyelala nyumbani akasema, "Mvua haijulikani," huyo ndiye tunayemlaumu, ijapokuwa maneno yake ni kweli.

Vivyo hivyo daktari akaaye mbele ya mgonjwa. Tuseme ajua ya kwamba katika wagonjwa 10 wa namna hiyo, 6 huishi. Akisema, "Utapona," ameongeza juu ya maarifa yake. Akisema, "Ni bahati tu," amepunguza. Yote mawili ni uongo, hata kama la kwanza lasemwa kwa huruma na la pili kwa uchovu. Yampasa aseme kiasi anachojua, si zaidi wala pungufu, kisha asimwache mgonjwa peke yake na hesabu ile, bali akae naye, amtibu kwa bidii ileile kama kwamba yeye ni mmoja wa wale 6. Na neno hili si la madaktari peke yao. Mzee aamuaye kesi ya mpaka wa shamba, mwalimu aandikaye habari za mtoto kwa wazazi wake, shahidi aliyeona usiku kwa mwanga mdogo, wote wadaiwa vivyo hivyo: kusema, "Niliona hiki, sikuona kile."

Wengine watatuuliza, kwa kuwa sisi ni wachungaji, kama bahati ya atomu yauondoa usimamizi wa Mungu. Twajibu kwa ufupi. Fizikia haina kipimo cha kulipima neno hilo, upande huu wala upande ule, na wataalamu waaminifu hawadai kuwa nacho. Mitume walipopiga kura kumchagua aliyeshika mahali pa Yuda, hawakuona ya kwamba kura na Mungu ni adui. Zaidi ya hayo yafaa tusijenge imani juu ya mwanya uliomo katika elimu ya watu, maana mwanya waweza kuzibwa kesho.

Basi, walimu wapenzi, kijana akija na swali lake, msimkimbie. Mwambieni hivi: Ni kweli, hapana ajuaye atomu hii itavunjika lini. Ni kweli pia kwamba watu wameihesabu desturi ya zote, nao huwatibu wagonjwa kwa hesabu hiyo. Kisha mwulizeni yeye: katika mambo unayoyajua nusu, huwaambia watu nusu, au huwaambia yote? Na katika hatari unayoijua kidogo, je, wangoja uijue yote? Mwacheni alifikiri hilo njiani akirudi kwao.